Upande wa Kulwa Uliponyamaza

Ninyi mliokwenda shule na michembe ya viazi vikavu mfukoni, mkaitafuna kimya kimya mwalimu akiwa ameligeuzia darasa mgongo, ndio ninaowaandikia. Wengine wakipita wasome tu, hawakatazwi. Lakini nikisema redio ya mtu ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, ninyi wenzangu hamtaniuliza kwa nini. Sisi tulikua wakati kitu cha umeme kilikuwa mwanafamilia. Kilikuwa na mahali pake pa kukaa, kilifutwa vumbi kabla watoto hawajanawishwa uso, na kikiumwa nyumba nzima iliongea kwa sauti ya chini.

Kwetu kulikuwa karibu na Tinde, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Baba alihudumia injini ya kiwanda, na kwa sababu hiyo tulikuwa na umeme, kitu ambacho watoto wa nje ya uzio walikuja kukitazama kama sinema. Umeme wenyewe ulikuwa wa msimu. Pamba ikiwepo taa ziliwaka, pamba ikiisha tulirudi kwenye vibatari na kuamka pua nyeusi kama watu wote. Jumapili za msimu, tukishatoka kanisani, injini ndogo iliwashwa kwa ajili ya nyumba. Hapo Baba alivaa shati lake la mikono mirefu, akafunga mpaka kifungo cha shingoni, na kuketi mbele ya mashine yake.

Mashine hiyo aliinunua kwa mzungu mmoja wa migodini aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Kulikuwa na amplifaya yenye uso wa rangi ya fedha, pleya ya kuchezea santuri, na spika mbili za mbao, kila moja kimo cha mbuzi mchanga. Vitu hivyo vilikuja juu ya lori la pamba, Baba amevikumbatia mwenyewe njia nzima, na aliposhuka alikuwa mweupe kwa nyuzi za pamba mpaka kwenye nyusi. Aliweka spika moja upande huu wa kabati la vyombo na nyingine upande ule, akarudi nyuma hatua chache, akazitazama kwa furaha ya mtu aliyepata watoto uzeeni. Akasema, "Hawa ni Kulwa na Doto."

Kulwa alikuwa pacha wangu. Mimi ndiye Doto. Usukumani, kama mjuavyo, mapacha hawatafutiwi majina, wanazaliwa nayo: wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto, kwisha. Mama naye tangu siku tuliyozaliwa akawa Mama Kulwa, na Baba akawa Baba Kulwa. Kwa hiyo spika ya kushoto ikawa Kulwa na ya kulia ikawa Doto, na Mama akafuma vitambaa viwili vinavyofanana kila tundu, maana mapacha hawavalishwi tofauti.

Hapo ndipo nataka mwelewe vizuri, hasa ambao hamkuzaliwa wawili. Pacha kwetu alikuwa nusu ya shughuli. Chochote alichofanyiwa mmoja kilifanywa kwa mwingine, bila kujadili. Kulwa akichapwa kwa kumwaga maziwa, na mimi nililala kifudifudi nikapata changu, hata kama nilikuwa chooni maziwa yanamwagika. Nikipata homa, klorokwini tulimeza wote, mimi kwa ugonjwa na yeye kwa upacha, na usiku tulikunwa migongo pamoja kwa mwasho. Bibi yetu mzaa baba, ambaye ndiye mwenye mila nyumbani, alisema ukimtibu pacha mmoja ukamwacha mwenzake, ugonjwa unahamia kwa yule uliyemwacha. Hatukuona ajabu. Tuliona ajabu kwa watoto wengine, wanaoumwa peke yao.

Halafu Shangazi akaja kutoka Ushirombo. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, ameolewa na katekista, Msumbwa mmoja mpole mwenye baiskeli, na Mungu hakuwajalia mtoto. Alikaa kwetu siku chache akitusuka nywele, na kila akituangalia alikuwa anavuta pumzi. Siku ya kuondoka Baba akasema maneno ambayo alikuwa ameyapanga muda mrefu, nadhani: "Sisi tunao wawili, dada yangu hana hata mmoja." Mama alikuwa anachekecha unga. Aliendelea kuchekecha. Bibi ndiye aliyejibu, akasema mapacha hawagawanywi kama mbuzi wa mahari. Lakini siku zile mtoto alikuwa wa ukoo, na kumpa ndugu asiye na mtoto lilikuwa jambo la heshima ambalo mwanaume halikatai. Shangazi akafungua mikono pale uani akasema anayenipenda aje. Kulwa akakimbia. Mimi nilijificha nyuma ya kanga ya Mama.

Tulikuwa na miaka saba. Basi lilipoondoka nilidhani ni safari ya kwenda kusalimia.

Watu husema watoto husahau haraka. Aliyesema hivyo hakuwahi kucheza rede peke yake. Mnakumbuka rede: warushaji wawili, mmoja huku na mmoja kule, na wa katikati anakwepa mpira. Sisi warushaji tulikuwa mimi na Kulwa, na watoto wa jirani walikuwa wanapanga foleni kukaa katikati kwa sababu mapacha walikuwa wanarusha kwa pamoja bila kuhesabu. Kulwa alipoondoka nilijaribu na ukuta. Ukuta unarudisha mpira, sikatai, lakini hauna mbwembwe. Watoto wa jirani nao wakaniogopa kidogo, pacha aliyebaki mmoja si mtu wa kumzoea. Nikawa nakaa kizingitini nacheza mdako na kokoto zangu, narusha moja juu, nachota nyingine, na kusikiliza watu wakimwita Mama. "Mama Kulwa, naomba kinu." "Mama Kulwa, Mungu akubariki." Siku nzima jina la mwenzangu lilitajwa uani kwetu na mwenyewe hayupo. Nilikuwa mpweke kwa namna ambayo sikuwa na neno lake, si kwa Kiswahili wala kwa Kisukuma. Nilijua tu kwamba kitanda kimekuwa kikubwa.

Kilichonishikilia ni zile Jumapili. Baba akiwasha mashine nilikaa chini sakafuni upande wa kushoto, mgongo wangu umeegemea spika ya Kulwa, na nilisikia besi inapita kwenye mbavu. Baba alikuwa na santuri moja ya dansi aliyoipenda kuliko zote. Mwimbaji mkubwa alitokea kwa Doto, na mwenzake wa kuitikia, pamoja na lile gitaa jembamba la kuchezea juu juu, walitokea kwa Kulwa. Mmoja anauliza huku, mwingine anajibu kule. Nilikuwa najiambia hivyo ndivyo tulivyo, mimi Tinde, yeye Ushirombo, na tunaitikiana.

Vijana wa siku hizi nawatazama na vile vidude vyao vya masikioni. Wananunua viwili, wanaweka sikio moja, kingine kinaning'inia kifuani. Upande mmoja wameuua wenyewe, kwa hiari, na wanatikisa kichwa. Nikimuuliza mjukuu wangu, huyu wa sikio la pili anasema nini, ananiambia, "Bibi, ni muziki tu."

Sasa, Jumapili moja Baba akaweka ile santuri, mwimbaji akauliza swali lake, na hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Kimya. Mgongo wangu ulikuwa kwenye spika na spika ilikuwa baridi kama mtungi. Baba alisogea, akazungusha kifundo cha sauti, akakizungusha kingine cha kugawa sauti kushoto na kulia, akachomoa waya akaurudisha. Akaipiga Kulwa kofi la ubavuni, kama tulivyokuwa tunavifanyia vitu vyote vya umeme siku zile. Hakuna kitu. Upande wa Doto ukaendelea kuimba peke yake, na wimbo ukawa kama mtu anayezungumza na nafsi yake njiani.

"Koo la Kulwa limepasuka," Baba akasema. Alikuwa na uhakika. Akasema ataitoa spika hiyo, ataifungia kwenye gunia, na msimu ukiisha ataipeleka Mwanza kutafuta nyingine.

Nilijua vizuri kwamba anasema spika. Sikuwa mjinga. Lakini Bibi, ambaye alikuwa amekuja kutusalimia na alikuwa amekaa kwenye mkeka, aliacha kutafuna tumbaku yake akauliza polepole, "Na huyu wa Ushirombo, mmesikia habari zake?" Mama alikuwa anaingia na sinia la viazi. Alisimama mlangoni. Hakuna mtu aliyekuwa amesikia habari za Ushirombo tangu mvua za vuli. Baba akasema ukimya ni habari njema, Waafrika tunapeleka taarifa mtu akifa, si akiwa mzima. Alitaka kuchekesha. Mama aliweka sinia chini akarudi jikoni bila kutugawia.

Mimi nikaelewa hivi: Kulwa anaumwa. Jina lake lilikuwa juu ya kitu, na kitu kile kimenyamaza, na Bibi mwenyewe amekiona. Na kama anaumwa, huko Ushirombo wamempa dawa, na hakuna aliyenipa mimi. Ugonjwa uko njiani, au mbaya zaidi, hautaki kumtoka yeye kwa sababu nusu yake nyingine haijatibiwa. Hata sasa nikiwaza naona hesabu ile ilikuwa sawa kabisa, kwa mila tuliyolelewa nayo. Kosa lilikuwa mwanzoni tu.

Kesho yake mchana Mama alipokwenda kisimani nilipanda kwenye stuli, nikashusha kopo la dawa kutoka juu ya kabati, nikatoa klorokwini kama kipimo chetu cha siku zote na kuimeza kwa togwa. Ninyi mnaijua klorokwini. Ule uchungu haukai ulimini, unakaa kwenye mawazo. Na mimi sikuwa na homa hata chembe. Ilipofika jioni nilikuwa najisugua ukutani kama punda, najikuna mgongo kwenye tofali, najikuna viganja, najikuna nyayo. Mama aliniona akadhani ni upupu. Akanimwagia maji ya mtungi, akanipaka samli, akaniuliza nimegusa jani gani.

"Sijagusa jani," nikamwambia. "Nimemeza dawa za Kulwa."

Akauliza Kulwa gani. Nikamwonyesha kwa mkono, kwanza spika pale ndani, halafu magharibi, barabara ya Kahama, ambako basi lilielekea. Nikaanza kulia, na kulia na kujikuna kwa pamoja ni kazi ngumu. Nilimwambia Mama ni lazima Kulwa apone haraka kwa sababu Baba anataka kumfungia kwenye gunia.

Mama aliketi kizingitini, kopo la samli mkononi. Hakunipiga. Sikumbuki kama nilimwona Mama akilia kabla ya siku ile, na hata siku ile sina uhakika, maana alifunika uso na upindo wa kanga na mabega ndiyo yalikuwa yanacheza. Baadaye nikafahamu kwamba yeye na mimi tulikuwa tumebeba woga uleule tangu jana yake, kila mmoja na wake, nyumba moja.

Jumapili iliyofuata Baba hakuwahi hata kufunga kifungo cha shingoni. Mama aliingia sebuleni, mikono ina unga bado, akasimama katikati ya spika mbili.

"Baba Kulwa, kabla hujamtia mtoto kwenye gunia, wabadilishe."

"Niwabadilishe nini?"

"Kulwa alishwe na waya wa Doto. Doto alishwe na waya wa Kulwa."

Baba akamwangalia kama mtu anayeangalia saa iliyosimama. Mama akaendelea kwa sauti yake ya kawaida, ileile ya kuulizia chumvi: "Wanangu walipokuwa wachanga kila mmoja alikuwa na ziwa lake. Kulwa la kushoto, Doto la kulia. Siku Kulwa akilia hashibi, ningejuaje ni mtoto anaumwa au ni ziwa halina kitu? Nilikuwa nawabadilisha. Akinyonya la mwenzake akalala, basi mtoto ni mzima."

"Hizi ni waya, Mama Kulwa. Si maziwa."

"Kwani wewe unajua kilichomo ndani ya hizo waya?"

 Baba aliinama nyuma ya amplifaya akinung'unika, akachomoa waya za spika, akazibadilisha: ya kushoto akaichomeka kulia, ya kulia akaichomeka kushoto. Akarudisha sindano mwanzoni mwa wimbo. Nilikuwa nimeikumbatia Kulwa kwa mikono miwili.

Kulwa akaimba.

Aliimba kwa sauti nzima, isiyo na mkwaruzo wowote, yale maneno ya mwimbaji mkubwa. Baba akapiga ukelele wa mbugani, ule wa kuita ng'ombe. Mimi nikarukaruka. Halafu nikatazama ng'ambo ya kabati, nikaona Doto ndiye amenyamaza sasa, nikaweka mkono kifuani kusikiliza kama moyo wangu unakwenda. Ulikuwa unakwenda, kwa kasi hata.

Mama peke yake hakushangilia. "Mtoto mzima," alisema. "Ziwa ndilo limekauka." Na alipokuwa anasema hivyo hakuangalia amplifaya. Alimwangalia Baba, akamwangalia muda mrefu, mpaka Baba akapunguza sauti ya muziki bila kuambiwa.

Baada ya hapo Baba akawa mtu mwingine, akashika ile akili ya Mama kwa mikono yote. Alirudisha waya za spika mahali pake, kisha akabadilisha zile waya zinazotoka kwenye pleya kuingia kwenye amplifaya, kushoto kwa kulia. Kimya kikabaki palepale kwa Kulwa. Basi pleya nayo haina kosa, akasema, ugonjwa umo humu ndani katikati. Akachomoa umeme, akasubiri, akafungua mfuniko kwa bisibisi. Ndani kulikuwa kumejaa nyuzi za pamba. Kiwanda kilikuwa kimeingia mle kidogo kidogo kila msimu, na kila kipuri kilikuwa kimevaa sufu kama kifaranga. Mama akaleta unyoya wa jogoo, Baba akapangusa. Wakawasha. Doto anaimba, Kulwa kimya.

Mama akatoka akarudi na mwiko wa ugali. Baba safari hii hakuuliza. Akiwa ameukaza mkono mwingine nyuma ya mgongo, kama alivyozoea kwenye mitambo ya kiwandani, alianza kugonga kwa ncha ya mwiko, polepole, kipuri kimoja baada ya kingine, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Hapa hakuna kitu. Hapa hakuna kitu. Karibu na ukuta wa nyuma aligusa mguu wa waya mmoja mnene, na Kulwa akakohoa. Akagusa tena, akakohoa tena. Mguu ule ulikuwa umeachia pale ulipogandishwa kwa risasi, umebaki umeegemea tu. Jumatatu Baba alikuja na chuma cha kuchomea kutoka karakana ya kiwanda, akazima kila kitu, akayeyusha tone la risasi mahali pale. Moshi wake ulinukia kama ubani mbaya. Jumapili iliyofuata mwimbaji aliuliza, na mwenzake akajibu kutoka kushoto, na gitaa likashuka juu yao wote wawili.

Niliamini Kulwa amepona. Nilitaka sasa nimwone tu, nimwambie ni mimi niliyemeza.

Na Mama alikuwa ameshasema. Alisema jioni ileile ya kubadilisha waya, mbele ya chakula: "Nataka kwenda Ushirombo." Baba hakumpinga. Pamba ilipokwisha tuliondoka, mimi na Mama, na kikapu cha matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na gauni jipya moja kati ya mawili yaliyofanana. Lingine nilikuwa nimelivaa. Basi mpaka Kahama, kutoka hapo lori, vumbi jekundu na pori lisilokwisha na mbung'o wanaouma juu ya nguo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mama alikuwa amekuja na shuka la ziada, na sikumuuliza la nini, nilijua ni la kumfunika Kulwa njiani tukirudi.

Tulifika mchana. Nyuma ya nyumba ya Shangazi wasichana walikuwa wanaruka kamba, na mmoja alikuwa na uso wangu. Alikuwa amenenepa, anang'ara, nywele zimekatwa fupi kama za watoto wa misheni. Shangazi akaita, "Bernadeta!" na Kulwa akageuka. Hilo lilikuwa jina lake la ubatizo, nalo ndilo walilokuwa wanamwita huko. Akaja akipangusa mikono, akapiga goti mbele ya Mama, "Shikamoo mama," vizuri kabisa, kama mtoto mwenye adabu anavyomsalimia mgeni. Halafu akanigeukia mimi. Akaniambia hujambo.

Sikuwahi kuambiwa hujambo na Kulwa.  Nikafungua mdomo nikatoa yote kwa mkupuo, spika, gunia, klorokwini, mwasho, maji ya mtungi. Akanisikiliza akiwa ameshika kamba yake. Alipoelewa akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Mimi sijaumwa hata siku moja," akanivuta mkono niingie kwenye mchezo. Alikuwa anahesabu mirukio kwa Kisumbwa na wenzake. Nilikosea kila mara, nikawa nashikishwa kamba.

Wakati wa kula Shangazi alileta viazi vitamu vya kuchemsha. Nilikaa karibu naye, nikangoja. Sisi kiazi kilikuwa kinavunjwa, nusu yake nusu yangu, hata vikiwepo vya kujaza chungu. Kulwa alichukua kimoja, akakimenya kwa vidole vyake, akapuliza, akakila chote. Akachukua kingine. Mama aliona. Alinisogezea cha kwangu.

Tulikaa siku kidogo. Asubuhi ya kuondoka Mama alichuchumaa uani akamshika Kulwa mabega yote mawili. "Ng'wana wane," akamwita kwa Kisukuma, mwanangu, "twende nyumbani?" Shangazi alisimama mlangoni na mkono mdomoni, hakusema neno, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Kulwa alimtazama Mama, akalitazama lile shuka, akanitazama na mimi katika gauni letu. Kisha akarudi nyuma taratibu mpaka mgongo wake ukamgusa Shangazi.

Mama hakurudia swali. Ndani ya basi alisema, "Ana afya. Tumshukuru Mungu," akageuza uso dirishani, na hakuurudisha mpaka tukaiona Tinde. Mimi nilikuwa nimesafiri kwenda kuhakikisha mwenzangu hajafa. Alikuwa hajafa, na sikuelewa kwa nini nilikuwa na huzuni ya msibani. Sasa naelewa. Nilikuwa nimezoea kuwa nusu, na nimerudi nyumbani nikiwa sina nusu nyingine, nami sikuwa nimefundishwa kuwa mzima.

Jumapili zikaendelea. Mashine ilipiga vizuri miaka mingi, pande zote mbili, na Baba aliwasimulia wageni jinsi mke wake alivyoitibu kwa ziwa na mwiko, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi santuri ile ikiwekwa nilikuwa natoka nje, nakwenda kukaa nyuma ya jiko. Mama hakuniuliza hata mara moja. Wakati mwingine alikuwa anakuja kukaa na mimi, tunachambua mboga.

Siku hizi kitu kikinyamaza hakibishiwi hodi na mtu, kinatupwa, kinanunuliwa kingine chenye ukubwa wa kopo la maziwa na kelele za harusi nzima. Na umbali wenyewe umekwisha. Kulwa yuko Geita, mumewe alihangaika na dhahabu ya Rwamgasa mpaka magoti yakagoma, na wajukuu wamemfundisha kupiga simu ya picha. Ananipigia Jumapili. Sauti inafika safi, uso unafika safi, nauona mpaka mkunjo wa shavuni ambao na mimi ninao. Mtoto yule wa kizingitini na kokoto zake angetoa mkono wake apate dakika moja ya hiyo. Tunaongea bei ya mchele, mvua, presha, nani amezikwa. Ananiita dada, kwa heshima zote, kama anavyomwita kila mwanamke anayemuuzia nyanya. Nami namuaga, "Haya Mama Pendo, wasalimie wote," maana nikimwita Kulwa huwa anachelewa kuitika.